Télesphore Cirhuza, Aliyeliliwa kwa Majina Mawili

Mapadri, wazazi, majirani wa Nyawera, na ninyi mliokuja mkiulizana njiani kama matanga ni haya haya, huyu tunayemsindikiza ni Télesphore Cirhuza, aliyezaliwa Kalehe tarehe 3 Machi 1968, au tarehe 5, maana karatasi ya ubatizo na mama yake hawakupatana hata siku moja.

Alimaliza sekondari Bukavu mwaka 1988, akapata diploma ya informatique, elimu ya kompyuta, mwaka 1993, akafundisha Ibanda, na tarehe 17 Agosti 1996 akamuoa maman Adolphine, wakazaa Mireille mwaka 1997 na Yannick mwaka 2001.

Miaka ya mwisho aliandika compilateur, ile programu inayogeuza maandishi yetu kuwa kazi ya mashine, nayo ikamtesa: kalibu moja, yaani umbo tupu la programu linalosubiri kujazwa, ikijazwa vitu viwili tofauti inatoa aina mbili, hiyo ni haki, lakini yake ilitoa mbili hata pale kitu kilipokuwa kimoja chenye majina mawili, mpaka akagundua, na kumweleza mkewe jikoni, kwamba jina lifunguliwe kwanza, ionekane ni la kitu gani, ndipo kalibu ijazwe.

Figo zilimshika Januari 2025, akatutoka tarehe 11 Juni, saa nne asubuhi.

Kesho yake wamama wa Kalehe wakaingia wakilia “Papa Rosette! Papa Rosette!”, tukaanza kuulizana, kwa sababu sisi tunamjua Papa Mireille, hapa Rosette hakuna, na maman Adolphine akabaki akikumbuka kila safari ambayo mumewe alisema anaenda Kalehe kusalimia mama, huku tonton Marcellin, ndugu wa marehemu, badala ya kutuliza watu, akianza kugawa viti pande mbili, vya mke mkubwa na vya mke mudogo.

Maman Adolphine akasimama: “Marcellin, acha viti! Tufungue jina kwanza. Rosette mwenyewe iko wapi?”

“Si ule pale, anabeba chai!” wakasema wamama wa Kalehe, wakimwonyesha Mireille, ambaye bibi yake, aliyemlea Kalehe miaka miwili, alishindwa kulizoea jina lake, akamwita Rosette, kijiji kizima kikafuata, sisi wa Bukavu tusijue, na hivyo Papa Rosette na Papa Mireille wakawa mtu mmoja, maman Adolphine akacheka huku machozi yakimtoka, akawavuta wale wamama wakae naye kwenye mukeka.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani waliopika, walimu wenzake na wanafunzi wake, na mamlaka ya kugawa viti tumemwondolea Marcellin.

Pumzika kwa amani, mume wa mke mmoja.