Kila Babu Alizaliwa Nyakitonto

Mheshimiwa Diwani, mgeni wetu rasmi, Mkuu wa Shule, walimu, wazazi wenzangu, nanyi wanangu mnaohitimu leo: wakubwa shikamooni, watoto hamjambo.

Mimi ni Evaline, mama Asnath. Shule niliishia darasa la tatu, nikikosea mnivumilie. Wazazi wamenituma nimsifu Mwalimu Yusuph wa Historia. Nitamsifu. Lakini kwanza niseme tulivyomwogopa.

Mwaka jana aliwatuma watoto nyumbani: waulizeni wazazi, babu na bibi walitoka wapi? Ndugu zangu, hapa kwetu mpakani, swali hilo huulizwa na nani? Anayejibu vibaya si ndiye anayeitwa mtu wa ng'ambo, kitambulisho akakikosa?

Tukakutana bombani. Mama Philomena akasema, "Huyo katumwa! Mtu wa Tanga, babu zetu wanamhusu nini?" Tukapanga jibu moja. Kesho yake darasa zima likasimama, mmoja mmoja: "Babu alizaliwa Nyakitonto, bibi Nyakitonto." Hata Castory, ambaye babu yake alitoka Muyama! Muyama ni hapo tu, Tanzania hii hii, jamani, lakini hofu haina kipimo.

Mwalimu hakugomba. Alikuja kwangu, nikamwekea kiti nje, ndani sikumkaribisha. Akasema, "Mama, babu yangu alichukuliwa huku Buha kwenda kukata mkonge Tanga. Alikufa bila kututajia kijiji. Nauliza ya kwenu kwa sababu ya kwetu yamepotea." Nikamsalimu kwa Kiha, akashindwa kuitikia. Nikazidi kumshuku: Muha gani huyu? Alipoondoka ndipo nikawaza, kumbe mjukuu asipoambiwa huwa hivi.

Sasa Asnath anataka Historia kidato cha tano. Nami kila siku namkatalia: kasomee uuguzi, mwanangu, sindano haiulizi ukoo.

Asnath, hebu simama. Bibi yako, mama yangu mzazi, alizaliwa Burundi, akaolewa hapa, akanizaa hapa. Haya, nimesema. Kasome Historia yako.

Mwalimu Yusuph, Mungu akubariki, ingawa bado nakuangalia. Na wewe Mheshimiwa, naona umeshika kalamu. Naomba uiweke chini, baba. Hili ataliandika Asnath.

Mlionisikiliza, asanteni. Mtakaonyamaza, asanteni zaidi.