Betri Haijai kwa Ahmada Moto

Baraza ya Mkunazini hakai mtu asiye na la kusema, na alasiri ile Ahmada alikuwa nalo la kuwatosha wote. Ahmada Moto wanamwita, na si kwa ubaya. Damu yake huchemka kabla ya dele la Msabah muuza kahawa. Kuliani kwake kakaa Makungu Antena, asiyepitwa na habari yoyote inayopita hewani, na kushotoni Kificho Hakimu, aliyewahi kuwa tarishi wa mahakama na tangu hapo anahukumu mpaka paka. Nyumba ya Ahmada iko kichochoro cha pili. Juu ya paa ina sola, na chini ya ngazi ina betri iliyofungwa na fundi Anwar. Fundi huyo huyo ndiye aliyemposa Nadra, binti wa Ahmada, na wazee wake walikuwa waje kuchukua jibu baada ya Magharibi.

— Jibu hawalipati! Ahmada alisema. Wallahi hawalipati! Wataambiwa hapana, na soda wakanywe kwao!

— Kisa betri? aliuliza Msabah.

— Kisa uongo! Masika haya jua liko wapi? Na umeme wa serikali mchana unakatika kama mkia wa mjusi. Anwar akanambia, "Baba, ntaitegesha mashine ya sola, usiku mkishalala ivute umeme wa serikali ijaze betri. Mchana ukikatika, mna akiba." Haya, kaitegesha. Kila nikiamka alfajiri, betri tupu! Umeme ukikatika, friza la mke wangu Badria linazima, barafu zake za ukwaju zinakuwa uji. Watoto wa skuli wanakuja kununua, anawarudisha mikono mitupu. Mtu hawezi kujaza betri, ataweza kuijaza nyumba?

— Kijana msimuonee, alisema Antena. Umeme wetu si unatoka bara, kwa waya uliopita chini ya bahari?

— Naam.

— Basi! Usiku bahari inapoa. Umeme unafika hapa umepoa, betri inaukataa. Wewe ukiletewa uji wa baridi unakunywa?

— Nakunywa, alisema Msabah.

— Wewe nawe huna adabu ya chakula.

Hakimu akakohoa kidogo, kama anavyokohoa kabla ya hukumu.

— Upuuzi mtupu. Wahenga walisema, mchumia juani hulia kivulini. Betri umeiweka wapi?

— Chini ya ngazi.

— Kivulini! Inachuma juani, ikikaa kivulini inakula. Inajila yenyewe. Hukumu imepita.

— Methali hiyo ya watu bwana, si ya betri!

— Sheria ni msumeno.

— Ngojeni, ngojeni, alisema Antena, macho yamemtoka. Nshaipata. Kima punju wa msitu wa Jozani! Usiku baridi, waya una joto, wanaulalia. Kila kima anafyonza kidogo tu. Haba na haba hujaza kibaba.

— Kibaba cha nani?

— Cha kima!

Wote walicheka isipokuwa Ahmada. Yeye kilichomuuma hakikuwa barafu. Alimpenda yule kijana. Alimleta hapa hapa barazani, akamshika bega, akasema, "Huyu ni mwanangu." Sasa kila kukicha betri tupu ilimuumbua mbele ya watu wale wale.

— Na mtu asinambie nyumba yangu ina kasoro! alifoka. Hakuna nyumba inayolala salama kama yangu. Nikishaswali Isha nafunga milango, nafunga gesi, nazima swichi kubwa pale mlangoni, ndo nalala. Baba yangu akifanya hivyo, babu yangu akifanya hivyo.

— Huo ndo ustaarabu, alisema Hakimu. Nyumba zetu hizi na boriti zake kavu, shoti moja tu, kwisha. Hata miye nazima.

— Nani hazimi? alisema Antena.

— Na tangu kuja sola raha zaidi. Nazima, na feni inazunguka mpaka asubuhi! Juzi Badria ananianzia, "Bwana, hiyo swichi..." Nikamwambia nyamaza mke wangu, lala. Wanawake na umeme wapi na wapi?

Bi mmoja mtu mzima, kikapu mkononi, alikuwa kaegemea ukuta muda wote huo. Akasogea.

— Asalaamu alaykum.

— Wa alaykumu salaam. Shikamoo, bibi.

— Marahaba. Nipisheni nikae, magoti haya hayawezi vichochoro vyenu.

Wakampisha. Msabah akammiminia kahawa, bibi akapiga funda moja.

— Wanangu, miye mtu wa Makunduchi, sola naiona kwa jirani tu. Nna suali moja.

— Uliza, bibi, alisema Hakimu. Mahakama iko wazi.

— Huo umeme wa serikali si unaingilia hapo kwenye swichi kubwa?

— Hapo hapo, alisema Ahmada.

— Na wewe kila ukilala unaizima?

— Sijasahau hata usiku mmoja!

— Sasa huo wa kujaza betri unaingilia wapi?

Antena akaanza kuhesabu kwa vidole: waya, swichi, betri.

— Wahenga walisema... alianza Hakimu. Wahenga hawakusema kitu.

Ahmada akautazama mkono wake wa kulia, mkono wa kuzimia swichi. Feni usiku kucha, friza usiku kucha, vyote vikinywa betri hiyo hiyo, na mlango wa umeme kaufunga mwenyewe kwa bismillahi. Hasira zote alizokuwa nazo zikakosa pa kwenda, zikamrudia usoni.

— Suali hili, bibi, nani kakufunza?

— Badria. Natoka kwako sasa hivi. Katia barafu kwenye gilasi ikaingia maji tupu. Akanambia, "Bi Ummkulthum, miye hanisikii. Kapite barazani ukamuulize mbele ya wenziwe." Miye shangazi yake Anwar, nimetangulia. Wazee wako njiani.

— Hukumu... alisema Hakimu.

— Nyamaza, Kificho!

Ahmada akasimama, akaiweka sawa kofia yake, akachukua kikapu cha yule bibi.

— Twende nyumbani, Bi. Na Anwar aje nao. Nimemsema mbele ya hawa, radhi ntamtaka mbele ya hawa hawa. Nyote mje.

— Na zile soda? Msabah akauliza huku akiliinamisha dele. Kahawa ilikuwa imekwisha. Wakanywe kwao?

Ahmada alikuwa keshaingia kichochoroni. Hakugeuka.

— Pita dukani uchukue za baridi, Msabah. Za kwangu zina moto.