Nane Iliyorukwa

Fundi cherehani alijifanya amesinzia, masikio yakiwa wazi. Kwenye kiti cha mbele yake, mwalimu mstaafu alimwandikia mkewe namba kwenye ukungu wa dirisha la basi: 12345679.

“Umeruka nane,” mkewe akasema.

“Makusudi. Izidishe kwa umri wako, sabini na mbili.”

Mkewe akabonyeza kikokotoo cha simu. Zikajipanga nane tupu, mwanzo hadi mwisho.

“Kama kitindamimba wetu,” akasema polepole. “Mtoto wa nane. Tangu umnunie, nyumba nzima imejaa yeye.”

“Yeye ndiye aliyeninunia.”

“Kununa kakurithi wewe, baba watoto. Mimi nashuka hapa kwake.”

Basi likasimama. Mwalimu, bado anabisha, akanyanyuka na mkoba wa mkewe begani.