Josho Limepotelea Wapi?

Kando ya mnada wa Chemba, pale Abbasi anapobandika birika lake la kahawa, kuna benchi la mbao ambalo kwa hoja lilizobeba lingestahili kugombea udiwani. Jumanne hiyo Sila aliwahi kulikalia, na alikuwa amefura. Mvua za mwaka huu zimemwondolea ng'ombe wanne, wote kwa ndigana, maana kupe wamejaa na josho la kuogeshea mifugo hakuna. Amebaki na wawili, na asubuhi hiyo mmoja kaamka tezi zimevimba chini ya sikio. Miezi miwili nyuma alisimama kwenye mkutano wa tawi la chama, akaomba josho liingie kwenye ilani, akapigiwa makofi mpaka vumbi likatimka. Sasa rasimu ya ilani imetoka.

— Hebu nisomee tena, alimwambia Thobias, karani mstaafu waliyembatiza jina la Takwimu.

— Chemba: bustani ya kupumzikia na taa za barabarani. Basi.

— Bustani! Sila akapiga paja. Ng'ombe wangu wakapunge upepo? Tulisema josho, ukumbi mzima, kwa sauti moja! Wanatuitia maoni ya nini kama walishaamua?

Matonya akakohoa. Wanamwita Spika, ingawa hajawahi kumpa mtu nafasi ya kuongea.

— Maoni yetu yameuzwa. Kuna nchi huko nje zina kila kitu, ila wananchi wao hawana la kusema. Wananunua ya kwetu kwa tani.

— Wee, Spika!

— Ndiyo maana wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Hiyo imeingiaje kwenye josho?

— Itakuingia ukitulia.

— Kitaalamu, alidakia Takwimu, asilimia themanini na tatu ya maoni huanguka njiani. Gari linatoka hapa limejaa, likifika Dodoma mjini yamebaki mawili matatu, yale mazito.

— Kwa hiyo josho ni jepesi?

— Ni zito, lakini lilipakiwa juu.

Abbasi akamimina kahawa huku akitikisa kichwa.

— Mnaonea gari bure. Kosa ni kompyuta. Imezaliwa mjini ile. Ukiiandikia ng'ombe, inashangaa. Ukiiandikia kupe, inazima, inaogopa kuumwa.

Wenzake wakacheka. Sila hakucheka.

— Nyie fanyeni mzaha tu. Yule ng'ombe anayeumwa ndiye anayenyonyesha, maziwa ya wanangu yanatoka kwake. Akifa nikawaambie nini? Haki ya Mungu, hawa watu wanatudharau!

— Wanatudharau! benchi zima likaitikia.

Hapo ndipo aliposhuka kwenye bodaboda dada mmoja mwenye faili kwapani.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu. Karibu kahawa.

— Asante. Naitwa Paskazia, katibu mpya wa chama hapa kata. Nimesikia mnalalamikia rasimu, na mna haki. Nikitoka hapa nakwenda wilayani kudai marekebisho, leo ndiyo mwisho. Naomba muhtasari wa mkutano wenu. Nani aliuandika?

Spika akamtazama Takwimu. Takwimu akavua miwani, akaifuta.

— Katibu wa tawi alikuwa msibani Kondoa, alisema taratibu. Tukasema tuendelee tu, makaratasi baadaye.

— Nasikia mlikaa saa nne nzima.

— Na tuliongea hasa, mwanangu! Spika alisema. Hoja nzito nzito!

— Sasa iliyoandikwa iko wapi?

Sila aliwaangalia mmoja mmoja. Kila mtu alidhani mwenzake anaandika, na yeye pia alidhani hivyo. Ile hasira aliyokuwa ameielekeza Dodoma tangu alfajiri ilikosa pa kwenda.

— Kwa hiyo wilayani halikufika hata neno moja?

— Ilifika karatasi hii tu, baba.

Akaichomoa kwenye faili, akampa. Majina sitini na mawili, yamepangwa kwenye mistari ya rula, kila mtu na saini yake. Sila akajitafuta kwa kidole hadi akajiona, namba saba. Mbele ya saini yake palikuwa na safu nyingine, imejazwa kwa uangalifu mkubwa: *soda ya chungwa, baridi.*

— Huu mwandiko wa nani?

Abbasi akajifanya anachochea makaa.

— Wangu, alisema Spika, macho chini. Niliona tusipoandika, watu watadhulumiana.