Mwalimu Byamungu, Aliyefurahi Kupitwa

Walimu, muone haya! Nimewasikia jikoni mkinywa uji wangu, mkiniambia mimi bibi yenu: "Koko, batoto ba akili banajisomea benyewe." Nani aliwadanganya? Ng'ombe mwenye maziwa mengi mtamnyima majani? Mwalimu Byamungu anaondoka, na tangu mkutano wa Juni hakuna aliyeinua mkono kushika darasa lake la Jumamosi la hao watoto wa akili. Direkta wa shule ameshasema: asipopatikana mtu, Septemba linafungwa, na watoto kumi na mmoja watarudi kusinzia kwenye madawati.

Basi msikie leo, tunapomuaga, ni nani anayetutoka. Mwalimu Jean-Baptiste Byamungu anastaafu Ijumaa tarehe 24 Julai 2026, baada ya miaka ishirini na miwili katika shule yetu hapa kambini Dzaleka, Malawi. Alitoka Bukavu, kwetu Kongo, na diploma yake imekunjwa ndani ya soksi, akapewa hesabu za darasa la sita. Alinikuta mimi Mauwa tayari napika uji, na ananiacha bado napika.

Darasa la Jumamosi lilizaliwa mbele ya sufuria yangu. Mwaka 2013 alifika Malaika kutoka Kindu, mtoto wa miaka kumi na moja. Kiingereza hajui, Chichewa hajui, kwa hiyo wakamweka darasa la pili na watoto wa miaka saba, magoti yakigonga dawati. Hiyo njo tabia yetu hapa: mgeni asiyejua lugha tunamhesabu hajui kitu. Kwenye ripoti waliandika "mzito". Siku moja, kwenye foleni, huyo mzito akachungulia sufuria, akatazama mstari, akaniambia:

"Koko, hii haitatosha. Bantu makumi ine bataikosa."

"We! Nani alikuuliza? Shika kikombe chako!"

Uji ukaisha. Waliokosa walikuwa arobaini na mmoja. Mwalimu Byamungu alikuwa amesimama nyuma yake, akacheka mpaka miwani ikamdondoka.

Kesho yake alimpa mtihani kwa Kiswahili. Mtoto akamaliza hesabu za darasa la sita kabla ya kengele ya mapumziko. Byamungu akaenda kwa direkta kuomba amfundishe Jumamosi, kisha kwa baba wa Malaika, ambaye alishampangia binti kuuza mandasi ya kukaanga sokoni. Alikwenda mara saba. Mara ya nane baba akachoka: "Mchukue basi, Mwalimu, lakini usije tena saa ya bugali!"

Jumamosi zake hazikuwa za kurudia yale yale. Mtoto akipata jibu haraka, hakumpa mengine kumi ya namna hiyo. Alimpa moja la kumsumbua wiki nzima. Na kila mmoja alitakiwa kuleta swali ambalo Mwalimu halijui. Mmoja aliuliza kwa nini uji unaungua chini wakati juu bado ni maji. Mwalimu akaliandika. Mwisho wa mwezi aliomba ruhusa ya kutoka kambini, akapanda minibasi hadi Lilongwe kutafuta majibu vitabuni, akalala kwa binti yake Louise, fundi wa nguo kule Kawale.

Alikosea pia, na nitasema. Mwaka wa kwanza alimkaza Malaika mno, hesabu juu ya hesabu, mpaka mtoto akaacha kula, akaacha kuruka kamba na wenzake. Mi nilimgombeza: "Mwalimu, huyu iko mtoto, si mashine ya kusaga!" Jumamosi iliyofuata alimwomba msamaha mbele ya wenzake, na tangu siku ile saa ya kwanza ni ya mpira na kamba.

Malaika alipofika darasa la saba, akasema, "Mwalimu, mstari wa tatu umekosea." Byamungu akautazama ubao, akatazama tena, akampa mtoto chaki, akaenda kukaa benchi la huyo mtoto na kuandika anayofundishwa. Mchana alikuja jikoni anang'aa kama mtu aliyepata mjukuu: "Koko, leo nimepitwa!" Leo Malaika yuko Lilongwe, chuoni, mwaka wa tatu wa uhandisi.

Nawe Mwalimu Odette, kinachokuzuia kuinua mkono nakijua, uliniambia mwenyewe: unaogopa batoto bakuaibishe kwa kujua kukupita. Binti yangu, Byamungu alipitwa miaka yote hii, na nywele zilizomdondoka ni za uzee tu.

Mwalimu, zikomo. Asante kwa kila mtoto uliyemwona pale sisi tulipoona mvivu. Nenda Kawale ukalee wajukuu, Louise akupikie nsima laini, bugali ya huku, na magoti yako yapumzike. Mungu akuongezee siku, na ziwe tamu.

Odette, simama sasa hivi. Direkta ameketi safu ya mbele. Mwambie Jumamosi tarehe 12 Septemba, saa mbili asubuhi, darasa ni lako. Simama, sisi tunangoja.