Wasifu wa Marehemu Bwana Tone, Aliyelifanya Tangi Moja Lifike Mbali

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, mtoto wa tatu wa fundi cherehani na mkunga. Alisoma hadi darasa la nane, kisha akajiunga na chuo cha ufundi wa magari, ambako alihitimu mwaka 1971 na kusifiwa kwa kazi safi na ubishi usiokwisha.

Kwa miaka thelathini na minane aliendesha pikapu kubwa za kampuni ya kuchimba visima, akipeleka pampu na mafundi mahali ambapo vituo vya mafuta vilikuwa adimu. Wenzake walimwita Bwana Tone, kwa kuwa hakuvumilia tone la petroli lipotee bure. Wakati huo madereva wote walisafiri wakiwa wameshusha mlango wa nyuma wa bodi, wakiamini kwamba upepo ungepita na gari lingekuwa jepesi. Naye aliamini hivyo kwa miaka mingi, hata akawafundisha wengine. Siku moja alijaza tangi, akapita barabara ile ile mara mbili, kwanza mlango ukiwa chini, kisha ukiwa juu. Mlango uliofungwa ulishinda: hewa hutulia ndani ya bodi, na upepo huteleza juu yake. Alirudi karakana akicheka. "Jamani, tumekuwa tukiuza sura miaka yote hii!" Tangu hapo alifunga mlango, akakaza turubai juu ya bodi, akaondoa keria ya mizigo juu ya paa, akabadilisha tairi za matope kwa tairi za lami, na kupima upepo wake kila asubuhi. Zaidi ya yote, katika barabara kuu hakuvuka kilomita themanini kwa saa.

Mwaka 1979 alimwoa muuguzi, ambaye leo ni mjane wake. Walijaliwa watoto wanne. Alipostaafu alinunua pikapu moja kuukuu ya kampuni, na binti yao wa pili, fundi umeme, ndiye aliyerithishwa usukani wake.

Jumamosi, tarehe 3 Mei mwaka huu, marehemu alishikwa na maumivu makali ya kifua. Daktari wa zahanati aliagiza apelekwe hospitali kuu mara moja. Gari la wagonjwa lilikuwa limekwisha kuondoka na mgonjwa mwingine. Mji mzima ulikuwa umekauka petroli kwa juma zima, na katika tangi la pikapu mshale ulikuwa karibu na chini. Binti alishika usukani, baba akakaa kando yake, mama nyuma.

Familia inaona ni wajibu wake kueleza safari hiyo kama ilivyokuwa.

"Kanyaga, mwanangu!" mama alisema mara tu walipoingia barabara kuu. "Huoni midomo ya baba yako?" Alikuwa muuguzi, na alijua alichokiona.

"Themanini," marehemu alisema. "Usizidishe."

"Wewe nyamaza! Mgonjwa hamwamuru dereva."

"Mama watoto, unataka uje unisukume porini na hilo gauni lako?"

"Heri nikusukume kuliko nikuzike!"

"Jamani, nipeni amri moja!" binti alilia.

Mama alipiga kiti cha mbele kwa ngumi. Binti alikaza macho barabarani na kubaki themanini, mabasi yakimpita kwa honi na matusi. Kilima kilipokaribia, marehemu, ambaye sasa alizungumza kwa shida, aliinua kiganja na kukishusha polepole: usikanyage, liache lipande taratibu. Binti aliliacha. Injini ilizimika ndani ya geti la hospitali, na walinzi wakalisukuma gari hadi mlango wa dharura.

Marehemu alipokewa akiwa hai. Alionana na watoto wake wote, akazungumza na kila mmoja, na akafariki Jumatano, tarehe 14 Mei, alfajiri.

Yamesemwa, hata katika hema hili, kwamba binti alimchelewesha baba yake. Daktari wa moyo ameeleza kwamba maradhi yalikuwa ya siku nyingi, na kwamba nusu saa isingeyaondoa. Bali kama binti angekimbiza, gari lingezimika porini, na marehemu asingefika kabisa. Asiyeridhika na amwulize daktari, amwache mtoto.

Marehemu ameacha mjane, watoto wanne, wajukuu saba na kaka mmoja. Asubuhi ya leo wajomba walikwisha kumteua dereva mwingine wa kulibeba jeneza. Mjane alisimama mbele yao, akachukua funguo za pikapu mezani, akamkabidhi binti yake.

"Mpeleke baba yako," alimwambia. "Mwendo ule ule."

Mwenyezi Mungu ampe ndugu yetu pumziko lenye amani.