Mzee Mkanda na Neno Moja la Fomu

Leo Ijumaa, tarehe thelathini, mkaguzi mwandamizi wa kituo chetu cha magari yanayoagizwa kutoka nje anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Kamati ya sherehe imeniomba niandike wasifu wake kwa uchangamfu. Nimejaribu. Uchangamfu wenyewe umenishinda mapema, mtaniwia radhi.

Alianza kama karani wa lango, akapanda ngazi moja moja hadi ukaguzi. Jina la Mzee Mkanda alilipata kwa sababu hakuamini karatasi. Kila gari lililoingia aliuvuta mkanda wa usalama hadi mwisho, akapiga goti, akasoma tarehe iliyochapwa kwenye kibandiko cha chini kabisa. Muuzaji angeapa kwamba gari lina miaka mitano, kibandiko kingesema kumi na moja, na Mzee angeuachia mkanda ujirudie wenyewe. Wauzaji walimwogopa kuliko walivyomwogopa mkurugenzi.

Alitufundisha kwamba soko la magari huamka na kulala kwa waraka mmoja. Ukomo wa umri wa miaka minane kwa magari yanayoingia nchini ulipowekwa, yadi zilijaa magari ya miaka saba na miezi kumi na moja. Walioumia zaidi ni wapenzi wa magari ya mbio, yale ya turbo na milango miwili, maana gari la namna hiyo huanza kufikiwa na mtu wa kawaida likishazeeka. Ndipo vituko vilipoanza. Fomu yetu iliuliza “tarehe ya kutengenezwa,” na watu wakaja na stakabadhi za gereji: gari limetengenezwa mwezi uliopita, breki na klachi, si ndicho mnachouliza? Mzee alicheka hadi akavua miwani. Aliandika barua nne kuomba neno liwe “kuundwa kiwandani.” Hakujibiwa hata moja.

Kisha binti yake akaagiza gari. Ni fundi wa injini na dereva wa mashindano, na alikuwa amejinyima miaka sita kwa ajili ya gari hilo tu. Kanuni hairuhusu mtu kukagua mali ya ndugu yake, kwa hiyo fomu niliijaza mimi. Hati zilisema injini ilitengenezwa miaka mitatu nyuma. Nikainakili tarehe hiyo, nikagonga muhuri. Mkanda sikuuvuta. Gari lilikuwa na miaka tisa. Binti hakuficha kitu. Alitukabidhi hati zote na akaamini tulichomwambia.

Alishinda nalo misimu miwili. Mzee, akikusanya mifano ya kuambatanisha na barua yake ya tano, akalifikia faili hilo. Nilimsihi alirudishe kabatini. Akaniambia, “Mdogo wangu, hili neno nimelipigia kelele miaka yote. Nikinyamaza kwa sababu ni wangu, wale niliowarudisha nitawaambia nini?” Akaripoti mwenyewe.

Mimi nilipewa onyo la maandishi. Gari, kama kanuni inavyotaka kwa lililoingia likiwa limepita umri, lilipondwa Jumatano asubuhi, na aliyesimama kando ya mashine kutia saini ni yeye, kwa kuwa hiyo ni kazi ya mkaguzi mwandamizi. Baada ya mwezi fomu ikabadilishwa. Hayo ndiyo mafanikio makubwa kuliko yote ya utumishi wake, na huu ni mwaka wa nne binti yake hasemi naye.

Jumatatu wiki hii waraka mpya umetufikia: magari ya mashindano yameondolewa ukomo wa umri, kuanzia Jumatatu ijayo. Aliubandika ubaoni kwa mkono wake, akaupitishia kidole mstari kwa mstari, akaenda kunawa. Chai yake ilipoa mezani. Inauma.

Jioni ile nilimpigia binti yake kumkaribisha kwenye sherehe. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akauliza kama kuna chochote kilichosalia cha lile gari, hata usukani. Kikipatikana, alisema, atakuja kukichukua, na akija atakaa na baba yake. Kwa siku tatu mimi na walinzi tumepekua yadi yote, mpaka nyuma ya mitungi ya gesi. Hatukupata hata boliti.

Mzee wetu, asante kwa kutufundisha kazi, na asante kwa kutonichukia, ingawa nilistahili kuchukiwa. Upumzike vyema, mwili uwe na afya na moyo upate utulivu. Kiti kilicho kulia kwako leo hatumpi mtu.